Zebaki Inafuata Marudio

Kampeni nyingi za kupinga zebaki huanza na glavu. Wataalamu wanafika kwenye mialo (sehemu za kuoshea dhahabu) ya Geita, Chunya au Kahama, wanaonyesha picha za watu wanaotetemeka mikono, wanagawa barakoa, kisha wanarudi mjini. Muda si mrefu glavu zimechanika. Barakoa, ambayo mara nyingi ni ile ya vumbi isiyozuia mvuke wa zebaki hata kidogo, imetupwa. Mama aliyekaa mstari wa mbele kwenye semina amerudi kwenye karai na zebaki iko kiganjani mwake. Lawama zote zinamwangukia yeye: hana elimu, hajali afya yake. Lawama hizo zimekosa mlango. Zebaki imeng'ang'ania uchimbaji mdogo wa dhahabu Tanzania kwa sababu wapo wanaofaidika na dhahabu ambayo zebaki inashindwa kuikamata, na hao ni nadra kuishika zebaki kwa mikono yao.

Ili kuliona hilo inabidi kufuata kazi yenyewe hatua kwa hatua. Mwamba unatoka kwenye duara, yaani shimo la kuchimbia, ukiwa kwenye viroba. Unavunjwa kwa nyundo, unaingia karasha (mashine ya kusagia mawe), unatoka ukiwa unga. Unga unapelekwa mwaloni na kumwagiwa maji juu ya ubao ulioinama uliotandikwa magunia ya katani au vipande vya blanketi. Vitu vizito, dhahabu ikiwemo, vinanasa kwenye nyuzi. Vyepesi vinateremka na maji hadi kwenye dimbwi. Magunia yanasuuzwa kwenye beseni, na kutoka kwenye tani nzima ya unga unabaki mchanga mzito wa kilo chache tu. Huo ndio unaotiwa zebaki kwenye karai na kusuguliwa kwa mkono. Zebaki inaikumbatia dhahabu, mchanga unaoshwa, kinachobaki kinakamuliwa kwenye kitambaa mpaka kinakuwa kitonge kigumu cha rangi ya fedha. Kwa uzito, kitonge hicho kwa kawaida ni kama nusu dhahabu na nusu zebaki. Kinawekwa juu ya mkaa. Zebaki huchemka kwenye nyuzi 357 za Selsiasi, dhahabu huyeyuka kwenye nyuzi 1,064, kwa hiyo moto wa kawaida unaifukuza zebaki na kuiacha dhahabu. Mvuke unaoondoka hauna rangi wala harufu.

Hadi hapa simulizi inajulikana. Kisichosemwa sana ni kiasi cha dhahabu kinachopotea. Njia hii mara nyingi haifikishi hata nusu ya dhahabu iliyomo kwenye mwamba, na kwenye miamba migumu inaweza kuishia karibu na theluthi. Chembe zikiwa ndogo mno zinapita juu ya gunia na maji. Nyingine zimefungiwa ndani ya madini ya salfaidi, ile "dhahabu ya wajinga" inayong'aa, na zebaki haiwezi kuzigusa. Karasha likisaga vibaya, chembe zinabaki ndani ya jiwe. Mafuta ya mashine yakimwagikia unga, zebaki inavunjika vitone vidogo kama ukungu na haikamati kitu. Hapo mchenjuaji anaongeza zebaki nyingine akidhani ile ya kwanza ilikuwa chache, na nyingi ya hiyo inaondoka na maji.

Chukua mwamba wenye gramu 10 za dhahabu kwa tani. Zebaki ikikamata theluthi, mchimbaji anaondoka na gramu 3 na ushee, na gramu zaidi ya 6 zinabaki kwenye unga ulioteremka dimbwini. Unga huo ndio marudio. Ni ya nani?

Kwenye machimbo mengi ni ya mwenye karasha au mwenye mwalo. Utaratibu uliozoeleka ni kwamba mchimbaji anasagiwa kwa ada ndogo au bure kabisa, na malipo yake ni kuacha marudio. Kwa mtu asiye na akiba huu unaonekana ni msaada. Anapata fedha jioni ileile, anawalipa vijana wake, ananunua chakula. Lakini dhahabu iliyo nyingi zaidi imekwenda kwa mwenye mtambo, na mwenye mtambo hana sababu hata moja ya kutaka mchimbaji akamate zaidi kwa njia safi. Kila gramu inayokamatwa kwa meza ya kutikisa (inayotenga vizito na vyepesi bila zebaki) au kwa mwalo uliotengenezwa vizuri ni gramu iliyopungua kwenye lundo lake. Kinachoitwa uzembe wa mchimbaji kwa sehemu kubwa ni biashara iliyopangwa vizuri, na semina haiwezi kuitikisa.

Zebaki nayo haibaki kwenye karai. Maji na mchanga uliooshewa zebaki kwa kawaida humwagwa palepale, dimbwi lilelile lenye marudio. Kilo chache za mchanga wenye sumu zinachafua tani nzima ya unga ambao ulikuwa haujaguswa na zebaki hata kidogo. Ukilielewa jambo hili utaona kwamba sehemu kubwa ya tatizo linalofuata ingekomea kwa pipa moja na dimbwi dogo la saruji lililotengwa. Kuosha kwa zebaki kungefanyika juu ya dimbwi hilo peke yake, masalia yake yangekusanywa na kufungiwa, na marudio makubwa yangebaki safi. Gharama yake ni mifuko kadhaa ya saruji. Anayeweza kuamuru lijengwe ni mwenye mwalo, yule ambaye kampeni za glavu hazimzungumzii.

Marudio yakishatosha yanapelekwa kwenye vati. Haya ni matangi makubwa ya saruji au mashimo yaliyotandikwa plastiki nzito, ambamo mchanga unajazwa na kumwagiwa maji yenye sianaidi ya sodiamu. Maji yanazungushwa siku kadhaa, wakati mwingine zaidi ya wiki, yanaiyeyusha dhahabu na kupita kwenye mapipa ya kaboni inayoinyonya. Chokaa au magadi makali huongezwa ili maji yabaki na pH (kipimo cha asidi: ikishuka, asidi imezidi) ya 10.5 hadi 11, na uhai wa wafanyakazi unategemea hapo. pH ikishuka hadi 9.2, nusu ya sianaidi imeshageuka kuwa gesi inayoua, na kila inavyoshuka zaidi gesi inaongezeka. Marudio yenye salfaidi hutengeneza asidi yenyewe. Mvua ikinyesha kwenye vati lisilo na paa, chokaa inapungua nguvu na maji yanafurika ukingoni. Kipima pH cha karatasi ni kitu rahisi kupatikana. Kupima mara moja asubuhi na kuendelea na kazi siku nzima, mvua imenyesha au haijanyesha, ni kucheza na roho za watu.

Sasa weka zebaki ndani ya vati hilo. Zebaki ya kawaida haiyeyuki kirahisi kwenye maji. Ni nzito, inazama, inajificha kwenye tope. Sianaidi inaigeuza. Inafanya nayo mchanganyiko unaoyeyuka, na kitu kilichokuwa kimekaa chini sasa kinasafiri na maji popote yanapokwenda: kwenye ufa wa plastiki, kwenye mfereji, kwenye kisima cha bondeni. Ndiyo maana Mkataba wa Minamata, mkataba wa kimataifa wa kudhibiti zebaki ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2020, uliweka mambo manne ya uchimbaji mdogo yanayopaswa kukomeshwa: kutia zebaki kwenye mwamba wote uliosagwa badala ya mchanga mzito pekee, kuchoma kitonge hewani bila kifaa, kuchomea kwenye makazi ya watu, na kuweka kwenye sianaidi mchanga uliotiwa zebaki kabla ya kuiondoa zebaki hiyo. Mazungumzo yetu yameishia kwenye la pili na la tatu. La nne linatendeka mchana kweupe.

Sehemu ya zebaki iliyoyeyuka inanaswa na kaboni pamoja na dhahabu. Kaboni inapakiwa kwenye magari kwenda elusheni, mitambo ya kuitoa dhahabu kwenye kaboni, ambayo mara nyingi iko mjini au kandokando ya mji. Huko kaboni inachemshwa, dhahabu inayeyushwa, na kaboni yenyewe inaunguzwa ili itumike tena. Kila hatua ina joto, na zebaki ikipata joto inaruka. Mtu anayepita nje ya ukuta wa elusheni hajawahi kuona karai la mchimbaji, wala haelewi kwamba hewa anayovuta ina uhusiano na mwalo ulio mbali.

Hali ni hiyohiyo dukani kwa mnunuzi. Dhahabu inayotoka kwenye mkaa ni tundutundu kama sifongo, na ndani yake bado kuna asilimia kadhaa ya zebaki. Mnunuzi anajua hilo vizuri kwa sababu analikata kwenye bei. Anaiyeyusha tena kwa gesi kabla ya kupima, na zebaki iliyobaki inaishia kwenye dari, ukutani, kwenye nguo zake na kwenye fremu za jirani. Chumba cha namna hiyo kinaendelea kutoa mvuke hata siku ambayo hakuna moto uliowashwa. Popote dhahabu inapoyeyushwa kabla ya kupimwa, masoko ya madini yakiwemo, panahitajika kofia ya kuvutia moshi yenye kichujio cha kaboni iliyotiwa salfa. Feni ya dirishani inahamisha sumu tu kutoka kwa mnunuzi kwenda kwa mama ntilie aliye upande wa pili.

Kuhusu kuchoma, dawa inayosemwa kila siku ni ritoti: chungu cha chuma chenye kifuniko na bomba linalopoozwa kwa maji, ambapo mvuke unageuka tena kuwa zebaki. Ikifungwa vizuri inaweza kurudisha zaidi ya asilimia 90. Kifaa ni kizuri na nakiunga mkono. Lakini zimegawiwa nyingi na zinazotumika ni chache, na sababu zake zinastahili heshima kuliko zinavyopewa. Kwanza dhahabu inatoka ikiwa ya kahawia au kijivu badala ya njano, na mnunuzi anaitumia rangi hiyo kushusha bei. Kuipasha tena moto pamoja na boraksi huirudishia rangi. Pili, kitonge ni mali ya watu kadhaa: mwenye duara, mwenye leseni, vijana waliochimba. Wote wanataka kukiona hadi mwisho, na chungu kilichofungwa kinaleta shaka ya wizi. Tatu, watu hukifungua kikiwa bado cha moto, na wingu linalotoka linampiga usoni aliyekifungua. Heri angechomea hewani akiwa amesimama mbali. Nne, na hili ni la hatari kabisa, mdomo wa bomba ukizamishwa ndani ya maji, moto unapopungua chungu kinafyonza maji hayo ndani na kinaweza kulipuka. Mdomo uwe juu kidogo ya maji, ufungwe kitambaa kilicholowa kinachoning'inia hadi majini.

Tano ni malalamiko kwamba zebaki iliyorudi "imechoka". Ni kweli inachoka: inapata uchafu, inagawanyika vitone, haikamati. Dawa yake ipo. Mimina zebaki kwenye chombo cha plastiki, weka juu yake maji yenye chumvi ya mezani kiasi cha gramu 100 kwa lita, tumbukiza waya wa hasi wa betri ya volti 12 ndani ya zebaki, na waya wa chanya uufunge kwenye kijiti cha kaboni kilichotolewa kwenye betri kavu, kikae kwenye maji bila kugusa zebaki. Baada ya dakika kama 10 vitone vinaungana na kung'aa. Fanyia nje, kwa sababu gesi ya klorini hutoka. Mtu aliyefundishwa hili ana sababu ya kifedha ya kutunza zebaki yake. Aliyepewa ritoti bila hili anaiacha ikapate kutu.

Athari za kiafya zinafuata njia tatu tofauti (kuishika zebaki, kuvuta mvuke wake na kula samaki), na kuzichanganya kumezaa hofu mahali pasipo na hatari kubwa na utulivu mahali penye hatari. Kuishika zebaki ni kubaya, lakini kinachomwangamiza mchomaji ni kuivuta: karibu asilimia 80 ya mvuke unaovutwa unaingia kwenye damu, ilhali zebaki ya majimaji ikimezwa karibu yote inatoka na haja kubwa. Mvuke unavuka hadi kwenye ubongo na kwenye mfuko wa uzazi, kisha unaharibu figo. Mgonjwa anatetemeka vidole, mwandiko unaharibika, usingizi unakata, hasira zinakuwa za ghafla, fizi zinavimba na mate yanamjaa. Kwenye zahanati dalili hizo zinaweza kuitwa ulevi, presha au msongo wa mawazo. Kwa mchomaji, kipimo sahihi ni mkojo. Nywele hupima zaidi zebaki inayotokana na samaki. Kuna vigezo vya Kijerumani vinavyotumika sana katika tafiti, ambavyo huhesabu mikrogramu 25 kwa lita ya mkojo kuwa kiwango kinachotaka hatua za kitabibu. Habari njema ni kwamba nusu ya zebaki mwilini hutoka ndani ya takriban miezi miwili mtu akiacha kuivuta, ingawa madhara ya ubongo yanaweza kubaki.

Uchunguzi uliofanywa Rwamagasa (au Lwamgasa), Geita, chini ya mradi wa UNIDO, shirika la Umoja wa Mataifa la maendeleo ya viwanda, mwanzoni mwa miaka ya 2000, ulikuta karibu robo ya wachomaji waliopimwa wana sumu ya zebaki mwilini, huku watu wa kulinganishia kutoka Katoro wakiwa salama. Mwaka 2013 shirika la haki za binadamu la Human Rights Watch liliandika kuhusu watoto wanaoshika zebaki kwenye wilaya za Chunya, Geita na Kahama. Hatuna upungufu wa ushahidi.

Njia ya tatu ni samaki. Bakteria wa kwenye tope lisilo na hewa huigeuza zebaki kuwa methili-zebaki, nayo hupanda kutoka kwa wadudu kwenda kwa samaki wadogo, kisha kwa wakubwa wanaowala. Kwa Ziwa Victoria tafiti nyingi zimekuta samaki wengi wako chini ya miligramu 0.5 kwa kilo, sangara wakubwa wakiwa juu kuliko sato na dagaa. Hakuna sababu ya kuwatisha watu wa Kanda ya Ziwa waache kula dagaa. Cha kuangaliwa kwanza ni mabwawa madogo na vijito vilivyo chini ya mialo, ambako maji hayana nafasi ya kuchanganyika.

Mgodi mkubwa ukivujisha, nchi nzima inasikia. Mwaka 2009 maji kutoka mgodi wa dhahabu wa North Mara yaliingia Mto Tigithe, na mwaka 2019 NEMC, baraza la taifa la mazingira, iliutoza mgodi huohuo faini ya shilingi bilioni 5.6 kwa uvujaji wa bwawa la tope sumu. Ilikuwa sawa kabisa. Lakini mgodi mkubwa una lango, anwani na wakili. Mialo haina, na kutafuta chupa ya zebaki kwa mchimbaji mmojammoja hakutafika popote: nusu lita tu ina karibu kilo 7, inaingia kwenye mfuko wa suruali na inatosha kazi ya siku nyingi. Inavuka mpaka kwa bodaboda.

Sianaidi ni kinyume chake. Inakuja bandarini kwa mapipa ya chuma ya kilo 50, ina karatasi, na chini ya Sheria ya Kemikali za Viwandani na Majumbani ya 2003 anayeiagiza, kuisafirisha na kuitumia lazima asajiliwe kwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Wenye vati na elusheni ni wachache mno ukiwalinganisha na mamia ya maelfu ya wachimbaji, na wana leseni za uchenjuaji kutoka Tume ya Madini. Wao ndio wanaoishia na dhahabu iliyo nyingi. Kwa hiyo kitanzi cha kudhibiti zebaki kiko kwenye kibali cha sianaidi. Asiyeonyesha dimbwi lililotengwa la kuoshea zebaki kwenye kila mwalo anakochukua marudio asipewe pipa. Kabla vati halijajazwa, sampuli ya marudio ipelekwe maabara. Kwa ukaguzi wa haraka, kilo moja ikioshwa taratibu kwenye karai jeusi itaonyesha vitone kwa macho kama uchafuzi ni mkubwa, ingawa kutoviona hakumaanishi marudio ni safi.

Wapo watakaosema masharti haya yatawafukuza wachimbaji kwenye masoko rasmi. Hoja ina uzito, na jibu lake ni bei. Mwaka 2019 serikali ilipowafutia wachimbaji wadogo VAT ya asilimia 18 na kodi ya zuio ya asilimia 5, na kufungua masoko ya madini kuanzia Geita, dhahabu iliyokuwa inapita vichochoroni ilianza kuonekana mezani. Mrabaha wa asilimia 6 na ada ya ukaguzi ya asilimia 1 havikufutwa wakati huo. Kupunguza sehemu ya mrabaha kwa dhahabu iliyochenjuliwa bila zebaki, kwa uthibitisho wa mtambo uliokaguliwa, kungempa mwenye karasha sababu ya kununua meza ya kutikisa.

Vituo vya mfano vya STAMICO, shirika la madini la taifa, vya Lwamgasa, Katente na Itumbi vinaonyesha kwamba mwamba unaweza kwenda moja kwa moja kwenye sianaidi bila zebaki na kutoa dhahabu nyingi zaidi. Kikwazo ni siku za kusubiri. Mchimbaji anayedaiwa leo hawezi kungoja majibu ya maabara na mzunguko wa mtambo, kwa hiyo anarudi kwa karasha la jirani. Kituo kikimlipa nusu ya thamani siku anapoleta mwamba, kwa kipimo cha sampuli kilichochukuliwa mbele yake, na salio baada ya uchenjuaji, kitashindana na karasha hilo. Kwa wale watakaoendelea na karasha, makubaliano ya marudio yaandikwe: uzito, kipimo cha dhahabu iliyobaki, na asilimia ya mchimbaji. Sheria ya 2003 inampa msajili wa kemikali nafasi ya kuambatanisha masharti kwenye kibali, na nakala ya makubaliano hayo inaweza kuwa kiambatisho kimojawapo kuanzia ombi lijalo la pipa la sianaidi.